Siga ya bei nafuu Dar: ikaushe, ionje, ndipo uilaze

Swali: Habari za kazi. Shemeji yangu aliniletea fungu la siga 20 za Nicaragua, saizi ya robusto, yaani fupi na nene. Kwa hesabu, kila moja ilifika kama shilingi 12,000. Nimeziweka kwenye boksi la mbao nililopewa zawadi, na ndani kuna sponji ninayoilowesha maji kila wiki kama karatasi ya boksi ilivyoelekeza. Huu ni mwezi wa pili. Nikivuta, inazimika katikati, na ikikaribia mwisho inakuwa chungu mpaka naitupa. Mbili zimetoka madoa meupe. Je, siga ya bei hii inafaa kulazwa ikakomaa kama watu wanavyosema, au najisumbua bure? Na nitajuaje kwamba kweli imebadilika? (Msomaji, Mbezi Beach)

Jibu: Itoe hiyo sponji leo, ndugu yetu, kabla hujafika aya ya pili. Siga zako hazina kosa la bei, zimelowa. Kuzimika katikati, uchungu wa mwisho na madoa meupe vyote vina chanzo kimoja, na chanzo hicho umekuwa ukikilisha maji kila wiki kwa nia njema kabisa.

Karatasi ya boksi haikudanganya, ila haikuandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa karibu na bahari ya Hindi. Iliandikiwa nchi ambazo wakati wa baridi nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani hukauka hadi unyevu wa asilimia 30. Huko siga inaharibika kwa kukauka, ndiyo maana wanaambiwa waongeze maji. Hapa Dar mambo ni kinyume. Wastani wa unyevu wa hewa unakaa juu ya asilimia 70 karibu mwaka mzima, alfajiri za masika unapita 90, na chumba kisicho na kiyoyozi kina joto la nyuzi 28 hadi 31. Siga inataka unyevu wa asilimia 62 hadi 69 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Kwa hiyo kazi ya mwenye siga wa Dar ni kutoa unyevu na kupunguza joto, na karibu kila ushauri utakaoukuta kutoka nchi za baridi inabidi uugeuze kabla ya kuutumia.

Jani la tumbaku halina tofauti kubwa na dagaa mkavu: mwache wazi usiku mmoja wa masika, asubuhi amelegea. Ndani ya siga majani yamekunjwa na kubanwa, na katikati yake kuna njia nyembamba za hewa. Yakinywa maji yanavimba, njia zinaziba, mvuto unakuwa mgumu. Ukiwasha, moto unalazimika kwanza kuyachemsha maji yaliyo ndani ya jani kabla ya kuliunguza jani lenyewe, kwa hiyo unazimika. Wewe unavuta kwa nguvu ili usizimike, ncha inapata moto mkali kupita kiasi, na mvuke pamoja na lami vinakusanyika upande wa mdomoni. Ule uchungu wa theluthi ya mwisho ndio huo. Siga ile ile iliyokaushwa vizuri inaweza kufika mwisho bila uchungu wa namna hiyo, ndiyo maana tunakuomba usiihukumu bado.

Madoa meupe tuyamalize upesi. Utasikia watu wakisema ni mafuta ya jani yaliyotoka nje, dalili ya siga iliyokomaa. Kwa siga ya miezi miwili iliyokaa na sponji yenye maji, chukulia kuwa ni ukungu. Ukungu huwa na manyoya kidogo ukiutazama kwa tochi ya pembeni, hukaa madoa madoa, na huweza kuelekea rangi ya kijani au ya bluu. Geuza siga uangalie mguu wake, yaani ile ncha ya kuwashia. Kama ukungu umeingia mguuni, katikati ya majani ya ndani, tupa bila kusita, maana ndani hutausafisha na moshi wake utauvuta. Kama ni doa mbili tatu juu ya jani la nje tu, futa kwa kitambaa kikavu ukiwa nje ya nyumba, kisha iweke peke yake kwenye mfuko wake. Usiirudishe kwa wenzake mpaka wiki tatu zipite bila doa jipya.

Ukiwa na tochi mkononi, tafuta pia matundu. Fukusi wa tumbaku ni mdudu wa kahawia mwenye urefu wa milimita 2 hadi 3, na tundu lake ni la mviringo, dogo, kama limetobolewa kwa sindano nene. Mayai huweza kuja na jani tangu shambani. Kwenye joto la nyuzi 18 hayana haraka, lakini kwenye nyuzi 30, ambalo ndilo joto la kabati lako mwezi wa Februari, yai linaweza kufika hadi mdudu mzima ndani ya mwezi mmoja hivi, na funza wake anakula siga moja hadi nyingine. Viwanda vingi hugandisha siga kabla ya kuziuza. Fungu la bei nafuu lililopita mikono mingi usilichukulie dhamana. Gandisha mwenyewe.

Kugandisha kuna utaratibu wake, na ukiuruka jani la nje linapasuka. Kwanza zikaushe, kwa namna tutakayoeleza punde, kwa sababu siga iliyolowa ikiganda maji yake yanatanuka na kuichana. Zikishatulia, zitie kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, kamua hewa, kisha mfuko huo uingize kwenye mwingine. Weka kwenye friji la kawaida saa 24. Hamishia kwenye friza yenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku tano. Rudisha kwenye friji saa 24, halafu mezani saa 24 nyingine, mifuko ikiwa imefungwa muda wote huo. Umande utatokea nje ya mfuko, na ukifungua mapema utatokea juu ya siga. Umeme ukikatika katikati na friza ikapoteza ubaridi, anza kuhesabu siku tano upya.

Sasa makazi. Lile boksi la zawadi lijaribu hivi: usiku, zima taa, washa tochi ya simu, iweke ndani na ufunge kifuniko. Ukiona mwanga ukitoka kwenye maungio, hewa ya Mbezi inaingia kupitia hapo hapo. Maboksi mengi ya zawadi hufeli, na kwa Dar tunapendekeza kitu cha bei ya chini zaidi kinachofanya kazi vizuri zaidi: chombo cha plastiki cha chakula chenye mpira kwenye kifuniko na vibano vinne pembeni, cha lita 4 hadi 5 kwa siga zako 20. Kariakoo vimejaa. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na siki kidogo, kisha kiache wazi mpaka ukiingiza pua usisikie harufu yoyote, ya plastiki wala ya siki. Siga inanyonya harufu kuliko unavyodhani. Chombo kilichowahi kukaa pilau kitakupa siga ya bizari.

Ndani weka pakiti ya kudhibiti unyevu ya pande mbili, zile za Boveda au za aina hiyo, ya asilimia 65, gramu 60 kwa kila siga 25. Pakiti hii ina maji ya chumvi nyuma ya utando: hewa ikiwa kavu inatoa mvuke, hewa ikiwa na maji inaunyonya. Wenzetu wa nchi kavu wanaitupa ikishakuwa ngumu kwa kukauka. Ya kwako itafanya kinyume, itanenepa. Ipime uzito kila mwezi. Ikizidi sana gramu 60, iache kwenye chumba cha kiyoyozi usiku kadhaa, peke yake bila siga, mpaka irudi karibu na uzito wake wa awali. Usinunue ya asilimia 72 kwa hali ya hewa hii, maana ukiongeza na joto letu unakaribisha ukungu tena. Na vile vifuko vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitumie, kwa sababu vinanyonya tu na havijui pa kukomea.

Ukitaka mbao kwa ajili ya harufu, mbao inayotumika duniani kote kwa siga ni Cedrela odorata, wanayoiita mwerezi wa Kihispania ingawa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Mti huu ulishapandwa Tanzania na umeenea mpaka kuvamia msitu wa asili wa Kimboza, Morogoro. Fundi seremala anayeujua anaweza kukukatia vibao vyembamba viwili. Kama huna uhakika wa mbao, acha kabisa. Paini hutoa utomvu, na mbao yenye harufu ya kamfa itaua siga zote ndani ya wiki.

Kipima unyevu cha dijitali ni kidogo kama boksi la kiberiti na bei yake si kubwa, lakini kinaweza kukosea kwa asilimia tano au zaidi. Kihakiki kwa chumvi. Jaza chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa ya soda, dondoshea maji mpaka iwe kama tope zito, isielee. Weka kizibo pamoja na kipimo kwenye mfuko wa zipu, funga, acha saa 24 mahali pasipo na jua. Hewa iliyo juu ya tope la chumvi husimama kwenye asilimia 75. Kikisoma 79, kinazidisha nne, na tangu siku hiyo unatoa nne kila unaposoma. Kikaratasi chenye namba hiyo kibandike nyuma yake, utaisahau.

Chombo kikae wapi? Sehemu yenye joto tulivu kuliko zote nyumbani, kwa kawaida sakafuni mwa kabati la nguo, ukuta wa ndani, chumba ambacho kiyoyozi kinawashwa usiku. Kuyumba kwa joto kati ya mchana na usiku kunadhuru kuliko nyuzi mbili tatu za ziada zilizotulia, hivyo ukiweza, kitumbukize chombo chote ndani ya deli, lile la kubebea barafu na vinywaji. Kuta zake nene zitazuia joto la saa nane mchana lisipenye upesi. Kila wiki mbili fungua kifuniko dakika moja zibadili hewa, na fanya hivyo chumba kikiwa kimekaushwa na kiyoyozi. Kufungua dirishani asubuhi ya mvua ni kurudisha sponji kwa mlango wa nyuma. Karatasi ya selofani usiivue: inapitisha hewa taratibu, na fukusi akitokea anachelewa kufika kwa jirani.

Siga zilizolowa zitachukua wiki tatu hadi nne kushuka hadi 65. Huna haja ya kukisia. Chagua mbili, ziwekee alama kwenye selofani, zipime kila Jumapili kwa mizani inayosoma gramu 0.1. Zitapungua, kila wiki kidogo kuliko ile iliyotangulia. Wiki mbili mfululizo zikisoma namba ile ile, maji yametulia na siga iko tayari kugandishwa na kuonjwa. Usizianike juani wala mbele ya feni ili kuharakisha. Jani la nje linakauka kwanza na kusinyaa huku tumbo likiwa bado limevimba, na matokeo ni mpasuko kutoka kofia, yaani ncha ya mdomoni, hadi mguu.

Tuje kwenye swali lako kubwa, la kulaza. Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi wazi: kulaza siga hakuongezi ladha ambayo haikuwemo. Kunapunguza. Kwanza inaondoka amonia iliyobaki tangu tumbaku ilipochachushwa, ile harufu kali inayokukumbusha banda la kuku lililofungwa usiku kucha. Hiyo huisha ndani ya wiki au miezi michache. Baadaye ukali unalegea, pilipili inashuka, na majani yaliyotoka mashamba tofauti yanaacha kusikika moja moja. Kilichobaki baada ya hapo ndicho utakachovuta. Kama hakuna kitu chini ya ukali, utapata siga laini isiyo na ladha.

Kwa hiyo unatakiwa kujua nini kimo ndani, na njia ya uhakika ni wembe. Usizitupe zile nusu ulizoshindwa kumaliza. Ikishapoa kabisa, ilaze kwenye karatasi nyeupe uichane kwa urefu. Utakuta tabaka tatu. La juu kabisa ni jani la nje, jembamba, lenye mafuta, lililosokotwa kwa mzingo. Chini yake jani la kufungia, gumu zaidi na baya kwa sura. Katikati ni majani ya tumbo, na hapa ndipo penye jibu lako. Yakiwa marefu, yamekunjwa kama kipepeo cha mkono kutoka ncha hadi ncha, una siga ya majani mazima. Zikimwagika chenga kama majani ya chai ya jumla, ni siga ya vipande. Kukiwa na chenga zilizofungwa ndani ya jani moja au mawili mazima, ni mchanganyiko, na siga nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa mafungu ziko hapa. Tazama pia kama katikati kabisa kuna jani jeusi, nene, linalonata vidoleni. Hilo ni ligero, la juu ya mmea lililopigwa jua zaidi. Lina nguvu, linaungua polepole, na ndilo linalofaidika na muda kuliko yote.

Maoni yetu basi ni haya. Majani mazima yenye ligero, hasa ya Nicaragua, yape mwaka mmoja, hata miwili, yanalipa. Mchanganyiko upe miezi mitatu hadi sita, amonia iondoke na ukali utulie, kisha uvute, kwa kuwa mwaka wa pili hautakuletea chochote. Siga nyepesi zenye jani la nje la rangi ya maziwa ya chai, aina ya Connecticut, vuta ndani ya miezi michache, zina kidogo na kidogo hicho kinapotea. Zilizotiwa vanila au asali, usilaze, na usiziweke chombo kimoja na nyingine. Vile visiga vidogo vya Kiholanzi vya kwenye kopo la bati vimetengenezwa vikavu, havihitaji chombo cha unyevu kabisa.

Wengine huuliza kwa nini tusisokote siga zetu kwa tumbaku ya Tabora au Urambo, tukapata bei nafuu ya kweli. Sehemu kubwa ya tumbaku ile ni ya mvuke: inakaushwa ndani ya mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa joto kwa siku chache, sukari inabaki nyingi na jani linabaki la njano, na hivyo ndivyo sigara za kawaida zinavyotaka. Jani la siga hukaushwa kwa hewa tupu kwa wiki nyingi, kisha hupangwa marundo makubwa likachachuka lenyewe kwa joto linalozaliwa ndani ya rundo. Ni mazao mawili tofauti kikazi.

Kuonja. Fanya ukiwa umekula mlo kamili, maana nikotini ya robusto kwenye tumbo tupu itakutoa jasho la baridi na kichefuchefu. Ikikupata hivyo, weka siga chini, kunywa juisi ya miwa au soda yenye sukari, kaa kwenye upepo. Moshi wa siga hauingizwi mapafuni, unakaa mdomoni na kutoka. Hata hivyo si salama: saratani ya mdomo na ya koo inawapata wavutaji wa siga wasiomeza moshi, na hatari inapanda kwa kadiri unavyovuta. Moja kwa tukio la kuonja inatosha sana, na usivutie chumba chenye mtoto.

Kabla ya siku hiyo nenda jikoni. Fungua pilipili manga, karafuu, mdalasini, iliki, kahawa iliyosagwa, na kakao kama ipo. Chukua na korosho chache za kukaanga. Funga macho, nusa kimoja kimoja, taja jina kwa sauti. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini watu wengi hushindwa kuonja siga kwa sababu hawana majina, wala si kwa sababu hawana pua. Harufu isiyo na jina inapita na kusahaulika. Siga ya Nicaragua, hasa ya eneo la Estelí, mara nyingi hukupa pilipili manga mwanzoni, kisha kahawa, udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na kakao isiyo na sukari kwa mbali. Ukivijua vinne hivyo una pa kuanzia.

Kata kofia kwa kikatio chenye makali, milimita 2 tu. Ukikata zaidi unavuka mstari wa kofia na jani lote la nje linafunguka mdomoni. Kabla ya moto, vuta hewa tupu mara tatu. Mvuto uwe kama kunywa maji kwa mrija mpana. Ukiwa kama kunyonya ubuyu, siga bado imebana au ina maji, irudishe wiki mbili. Andika ladha ya mvuto huo mkavu: majani makavu, tende, chumvi, chochote. Washa kwa kiberiti cha gesi au njiti ndefu iliyokwisha kuunguza salfa yake. Cha petroli kinaacha ladha yake, na mshumaa hivyo hivyo. Shika moto sentimita moja chini ya mguu bila kuugusa, zungusha mpaka ukingo wote uwe mweusi na katikati ing'ae, ndipo uvute.

Vuta mara moja tu kwa dakika. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa kuliko zote, na siga ya bei nafuu inaadhibu haraka kwa sababu majani yake hayalingani katika kuungua. Tumia saa ya simu kwa dakika kumi za mwanzo mpaka mwili uzoee. Robusto ikikuishia chini ya dakika 40 umeiunguza, maana kwa mwendo mzuri inachukua kati ya dakika 50 na 60. Kila baada ya mivuto minne au mitano, toa sehemu kubwa ya moshi mdomoni, funga midomo, kisha sukuma ule mdogo uliobaki utokee puani, taratibu, bila kuupitisha mapafuni. Pua inasikia mara nyingi zaidi ya ulimi, na pilipili ya kweli utaihisi huko. Kunywa maji ya kawaida. Kahawa chungu na kashata ni vizuri sana pamoja na siga, ila siku nyingine, maana leo vitakuficha ladha.

Gawa siga theluthi tatu kwa jicho na uandike kila moja peke yake: ladha mbili au tatu, nguvu kutoka moja hadi tano, ukali kooni kutoka moja hadi tano, jivu na namna inavyoungua. Nguvu na ukali usivichanganye. Nguvu ni nikotini, unaisikia tumboni na kichwani. Ukali ni mkwaruzo wa kooni, na ndio hasa ambao muda unautibu. Upande mmoja ukiungua mbele ya mwingine, gusa moto kidogo upande uliobaki nyuma. Mguu ukiwa shimo katikati huku jani la nje limebaki, bado kuna maji.

Nitajuaje imebadilika, umeuliza. Kwa daftari, kwa sababu kumbukumbu inadanganya na mtu aliyesubiri mwaka anataka sana isikike tamu. Baada ya kugandisha, zirudishe kwenye chombo wiki mbili, kisha vuta ya kwanza, na ya pili wiki moja baadaye. Wastani wa hizo mbili ndio alama yako ya kuanzia, kwani siga mbili za fungu moja la bei nafuu hazifanani sawasawa. Kisha mbili mwezi wa tatu, mbili wa sita, mbili wa kumi na mbili. Saa ile ile ya siku, mlo wa aina ile ile, uzito umeandikwa. Ukali ukishuka kutoka nne hadi mbili huku ladha ulizozitaja zikiwepo bado, kulaza kunafanya kazi, endelea. Ukali ukishuka na ladha zikatoweka pamoja nao, usingoje, zivute zilizobaki mwezi huo huo. Na zikisoma sawa mwezi wa tatu na wa sita, zimefika mwisho wa safari yake.

Usishawishike katikati ya zoezi hili kuziacha na kukimbilia Cohiba, ile siga maarufu ya Cuba, ya bei ya kutupa itakayokuja na mtu mwenye begi. Mwaka 2022 Habanos, kampuni inayouza siga za Cuba nje, ilipandisha sana bei ya Cohiba duniani kote, na ya kweli haiuzwi kwa bei ya robusto yako. Boksi lenye kifuniko cha kioo halitoki Cuba, hata liwe na mihuri kumi. La kweli lina maandishi ya moto chini yake, na karibu nayo muhuri wa wino wenye herufi za kiwanda, mwezi na mwaka wa kufungwa, mwezi ukiwa kwa Kihispania: ENE ni Januari, ABR ni Aprili, AGO ni Agosti.

Ukihesabu, zoezi lote la mwaka linakula siga nane kati ya ulizobaki nazo. Zitenge kabisa leo, zifunge kwa uzi kwenye kona ya chombo, na uandike tarehe zake juu ya selofani kwa kalamu ya wino usiofutika, wageni wasije wakakuharibia hesabu.